Nilisema niko Morogoro, binti yangu akaniumbua sebuleni

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni baba wa mabinti watatu. Tunakaa Tabata, nyumba ya kupanga, uzio mmoja na wapangaji wengine wawili, kwa hiyo kinachosemwa kwangu hufika kwa majirani kabla hakijamfikia mke wangu aliye jikoni. Mkubwa ana miaka minane, yuko darasa la pili. Wa Kati ana mitano. Kidogo ametimiza mitatu mwezi wa sita. Majina yao nayaacha, maana nikiyaandika nusu ya mtaa itatujua, na nusu hiyo ndiyo tayari inanicheka.

Tatizo langu ni kwamba hawa watoto hawana breki mdomoni.

Nianze na la karibuni. Binamu yangu anaoa. Kwenye kikao cha kwanza cha kamati niliahidi laki mbili, kwa sauti, nimesimama. Unajua mambo ya kamati, ukikaa pembeni ya mtu aliyeahidi laki tatu, laki moja unaiona aibu kuitamka. Mwisho wa mwezi mweka hazina akaanza kupiga simu. Siku ya tatu nikapokea, nikamwambia niko Morogoro kikazi, mtandao huku unasumbua, nikirudi tutaonana. Hapo nimejilaza kwenye kochi, singlendi na taulo. Wa Kati alikuwa sakafuni anamsuka mwanasesere wake. Akainua kichwa, akauliza kwa ile sauti yake ya kujibia maswali darasani: "Baba, kwani Morogoro ndiyo hapa sebuleni?"

Mweka hazina hakukata simu wala hakusema neno. Nilimsikia anapumua. Halafu akasema, "Haya, wasalimie wenyeji wako wa Morogoro." Sasa kwenye grupu la kamati naitwa Mzee wa Moro.

Nakiri, mimi mwenyewe kisa hiki nimekisimulia kwa kila mgeni aliyekanyaga mlango wangu. Matokeo yake simu yangu ikiita, Wa Kati anakuja mbio kutoka uani: "Baba, sema uko Morogoro!"

Mkubwa naye ameiva KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na tangu kusoma kumkolee hakuna maandishi yanayompita salama. Migongo ya daladala, mfuko wa unga, tarakimu zote ishirini za umeme wa LUKU. Jumamosi moja tulikwenda kwenye arobaini ya mtoto wa jirani. Wapo akina mama wawili pale mtaani ambao hawasalimiani tangu hela za mchezo zilipoleta maneno. Mmoja wao alikuja na kanga mpya, akakaa mkekani kwa namna ambayo jina la kanga lilimtazama mwenzake moja kwa moja. Kila mtu alilisoma na kila mtu akanyamaza. Mkubwa akasogea, akaweka kidole kwenye maandishi, akaanza: "Ha-ta u-ki-ni-chu-ki-a, la kwe-li ni-ta-kwa-mbi-a." Alipomaliza akamgeukia mama yake: "Mama, anayechukia ni nani?" Hata aliyekuwa anakuna nazi aliacha. Yule wa pili alijifunga kanga yake vizuri, akaondoka bila kula pilau.

Kidogo namtaja kwa ufupi. Kwenye daladala tukitoka Kariakoo alimwonyesha kidole mzee mmoja mwenye kitambi cha heshima, akauliza, "Baba, yule mtoto wake atatoka lini?" Konda alicheka hadi akasahau kunirudishia chenji, na mimi kwa aibu sikuidai.

Sasa la mama mkwe. Alikuja kutoka Muheza kutibiwa macho, tukikadiria wiki moja. Wiki ikawa mbili, mbili zikaanza kuelekea tatu. Shangazi, mimi mama mkwe namheshimu, lakini nyumba ina vyumba viwili, na kila usiku nilikuwa namuuliza mke wangu kwa sauti ya chini, "Hii leo ya ngapi?" Kumbe kuna mtu anasikiliza. Asubuhi moja tuko kwenye chai, Wa Kati akamtazama bibi yake kwa furaha kabisa: "Bibi, leo umefika kumi na tisa! Baba anahesabu, na mimi nimeweza kuhesabu!"

Chai ilinipalia. Nikasema jambo la kwanza lililonijia: "Mama, usimsikilize, huyu mtoto anapenda sana kutunga." Mama mkwe hakujibu. Wa Kati aliniangalia tu, akarudi kwenye kiazi chake. Bibi aliondoka siku mbili baadaye, akiacha usia kwamba mtoto wa kike mwenye mdomo huu asipokunjwa sasa atakuja kutuaibisha ukweni kwake.

Mke wangu anasema mharibifu ni mimi, kwa sababu nacheka. Ni kweli, nacheka. Kaka yangu anasema kiboko. Mimi nimefikiria kuwakalisha chini wote watatu niwaambie kanuni moja tu: mambo ya nyumbani hayatoki nje, hata yaweje. Je, umri wao wanaweza kuelewa? Na nifanyeje nisicheke?

Na jingine dogo. Mke wangu Jumamosi anaingia kazini, kwa hiyo nywele za Kidogo ziko mikononi mwangu. Siku hizi nambana mabutu mawili. Jumatatu mwalimu wa chekechea alimuuliza nani amekusuka, akajibu, "Fundi wetu, bado anajifunza." Nisaidie na hapo.

Baba wa Watatu, Tabata


Marahaba mwanangu, Mzee wa Moro.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili miwani iko mezani nafuta machozi. Nimewafundisha watoto wa chekechea muda mrefu kuliko ndoa yako, na nikuambie mapema kwamba wanao ni wazima. Huyo wa tarakimu za LUKU ningemtaka darasani kwangu.

Kwanza lipa laki mbili. Kama huna zote peleka hamsini, umwambie mweka hazina nyingine lini. Hilo halihusu malezi, lakini nisingelala vizuri bila kulisema.

Tuje kwa watoto. Umewaweka wote kwenye kapu moja la "hawana breki", na hapo ndipo ulipokosea hesabu, kwa sababu kila mmoja amekuumbua kwa sababu yake. Jumapili hii fanya mchezo. Weka andazi kwenye hotipoti, mama yao akiona. Mama atoke nje. Wewe lihamishe andazi kabatini, Kidogo na Wa Kati wakiangalia. Kisha mvute Kidogo pembeni, umuulize: mama akirudi, andazi ataanza kulitafuta wapi? Kuna uwezekano mkubwa atakuambia kabatini. Analijua lilipo, basi kwa akili yake na mama analijua. Ukimuuliza Wa Kati, huenda akasema kwenye hotipoti, tena akicheka na kujiziba mdomo, maana ameshagundua kwamba kichwa cha mama kinaweza kubeba jambo ambalo si kweli.

Mchezo huu sikuutunga mimi. Mwaka 1983 wanasaikolojia Heinz Wimmer na Josef Perner waliandika kuhusu jaribio la namna hiyo, la kijana aitwaye Maxi ambaye chokoleti yake ilihamishwa kabati akiwa hayupo. Watoto wadogo kabisa walikosea, wakubwa wakapata. Wengi huvuka mstari huo wakiwa kati ya miaka minne na mitano. Kwa hiyo Kidogo huenda bado hajaelewa vizuri kuficha ni nini. Bila shaka mkicheza kombolela anajificha nyuma ya pazia, miguu yote nje, na ukiuliza yuko wapi anajibu, "Sipo!" Mtoto wa hivyo ukimchapa kwa sababu ya kitambi cha mzee wa daladala, atajifunza kuogopa daladala.

Kwa Kidogo tumia sikio. Mfundishe kwamba maswali kuhusu mwili wa mtu yanaulizwa sikioni. Fanyeni mazoezi nyumbani, aje akunong'oneze chochote, hata kwamba paka ana masharubu. Atasahau mara ishirini. Siku ya ishirini na moja atakuvuta shati, utainama, naye atakuuliza kwa mnong'ono unaosikika hadi kwa dereva. Hayo tayari ni maendeleo. Na wewe mtazame yule mzee, mwombe radhi kwa sentensi moja, yaishe. Hotuba ya adabu ndani ya gari hakuna anayeihitaji, mzee mwenyewe akiwa wa kwanza.

Mkubwa ni kesi nyingine kabisa. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na sisi wanawake wa pwani tumeliachia hilo jina kazi ambayo mdomo unaiogopa. Aliyevaa akiulizwa atasema amependa rangi tu. Aliyekusudiwa atajifanya hakuona. Wote wanajua na shughuli inaendelea. Sasa mwanao shuleni anafundishwa kusoma kwa sauti, akimaliza anapigiwa makofi. Nani aliwahi kumwambia kwamba kuna maandishi yanayosomwa kwa macho peke yake? Alifika pale, akasoma vizuri, akasubiri makofi. Mwambie hivi: kanga iliyo mwilini mwa mtu husomwa kimya, maana yake huulizwa nyumbani. Kisha mama yake afungue sanduku, azitandaze kanga zake kitandani, mtoto asome zote kwa sauti anavyotaka na kuuliza anavyotaka. Atapata methali nyingi jioni moja, na mama yake atalazimika kueleza kwa nini alinunua ile ya mwaka juzi. Ningelipa nauli kuja kusikiliza.

Kuhusu kicheko chako sina ugomvi mkubwa. Baba anayecheka na mabinti zake ni mali. Ninachokukataza ni kucheka mchana mbele ya wageni halafu jioni, mama yao akishakununia, ukamgombeza mtoto kwa lile lile. Hapo mtoto hajui bei ya kitu. Na ukome kusimulia kisa cha Morogoro Wa Kati akiwapo. Mara ya kwanza aliuliza swali la dhati kabisa, swali la jiografia. Anajua Morogoro ni mbali, anajua sebuleni ni hapa, akaona wewe umechanganya. Vigelegele vya wageni wako ndivyo vilivyoligeuza swali kuwa maigizo. Sasa ana kazi, na kazi yake ni kukuumbua. Simu ikiita akija mbio, mjibu tu kwa uso mkavu, "Hapana, niko Tabata," upokee. Baada ya wiki mbili atachoka. Ukishindwa kujizuia, nenda jikoni ukacheke huko. Mimi nilikuwa na stoo ya chaki kwa kazi hiyo.

Sasa mwanangu, kaa vizuri.

Sehemu ya barua iliyonikata kicheko ni pale mezani. Mtoto wa miaka mitano alisema kweli, tena kweli aliyoihesabu mwenyewe usiku kwa usiku, na wewe baba yake ukamwambia bibi kwamba anatunga. Umeandika mwenyewe kwamba alikuangalia tu, akarudi kwenye kiazi. Mimi nimeiona sana ile namna ya kuangalia. Ni mtoto anayejaribu kuelewa amekosa wapi.

Na sasa unataka kuongeza juu yake kanuni ya kwamba mambo ya nyumbani hayatoki nje, hata yaweje. Yaunganishe hayo mawili uone unachokitengeneza. Unao mabinti watatu katika mji huu. Watapakiwa bodaboda, watatumwa dukani, watalala kwa ndugu wakati wa likizo, watacheza kwenye uzio wenye wapangaji wengine. Siku mtu akimshika mmoja wao pasipostahili, jambo la kwanza atakalomwambia ni, "Usimwambie mama." Mara nyingi mtu huyo huwa ni wa humo humo, anayejulikana, anayeletewa chai. Mtoto aliyelelewa na kanuni yako atatii, maana hilo nalo ni jambo la nyumbani. Na yule aliyeitwa mtunzi mbele ya bibi, hata akipata ujasiri wa kusema, bibi atakumbuka ile asubuhi ya viazi.

Kwa hiyo kanuni yako ivunje kabla haijatoka kinywani. Waambie mabinti kitu kingine: katika nyumba hii, mtu yeyote mkubwa akikuambia usimwambie mama au baba, hilo ndilo la kuja kutuambia mbio, kuliko yote, na hatutakugombeza. Mambo ya kushtukizana yapo, kama mmemnunulia mama zawadi, lakini hayo yana siku ya kufunguliwa na mwisho wake watu wote hufurahi. Kitu kinachotakiwa kufichwa siku zote, hicho kinakuja kwako. Wafundishe pia majina halisi ya viungo vyao, yasiwe ya mafumbo ya ndizi na vitumbua, ili siku mtoto akisema ameumizwa mahali, anayemsikiliza aelewe ni wapi. Na Mkubwa, kwa kuwa anapenda tarakimu, mpe tatu za kukariri: 116. Ni namba ya simu ya huduma kwa mtoto, kupiga ni bure. Ataishika kabla hujamaliza kuitaja.

Halafu ufanye lililo gumu zaidi. Mpigie simu mama mkwe, Wa Kati akiwa amekaa pembeni yako anasikia. Mwambie: "Mama, ile siku mtoto alisema kweli. Nilikuwa nahesabu, nikaona aibu nikamsingizia. Nisameheni nyote wawili." Usiongeze habari ya vyumba viwili wala dawa za macho. Huenda akakununia hadi Iddi. Huenda pia, kama namjua mwanamke wa Muheza, akakuambia kwamba naye alikuwa anahesabu, maana godoro lenu hilo la mgeni si la mtu mwenye mgongo. Vyovyote itakavyokuwa, mkikata simu mgeukie mtoto umwambie, "Ulihesabu sawasawa." Usimpe hotuba. Akirudi kumsuka mwanasesere wake, mwache arudi.

Safari nyingine ukitaka kuhesabu siku za mgeni, hesabu kimoyomoyo.

Kaka yako na kiboko chake muulize mtoto wake amewahi kumweleza nini mwaka huu. Mama mkwe na habari za ukweni, mwambie bado tuko chekechea.

Naam, fundi anayejifunza. Kosa lako nalijua bila kuliona: unachana nywele kavu, tena unaanzia kwenye ngozi kushuka. Ndiyo maana analia na ndiyo maana amekushusha cheo. Lowesha kwanza kwa maji kidogo, paka mafuta, gawa kichwa mafungu manne, matatu uyabane yasikusumbue. Fungu moja lishike katikati kwa mkono wa kushoto, ili uzito wa kitana uishie mkononi mwako, usifike kichwani kwake. Anza kuchana nchani, panda taratibu ukielekea kwenye shina. Njia ya katikati ipasue kwa mkia wa kitana, ukiwa umesimama nyuma yake, siyo ubavuni, la sivyo itapinda kama barabara ya Lushoto. Mabutu usiyakaze hadi nyusi zipande. Na ukifika kisogoni, pale vinywele vinapokuwa vifupi, pumzika, mpe kipande cha andazi lile la Jumapili, halafu uendelee.

Shangazi